Kisu Kilichoachwa Wazi

Siku binti alipousikia ule mlio kwa mara ya kwanza ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka, majirani wanagombania bomba kama kawaida yao, na mama yake akatabasamu.

Tak. Kimya kidogo. Tak. Kimya. Tak.

Walikuwa jikoni, Mama anaosha vyombo, yeye anafuta. Sahani ilimganda mkononi. Mlio ulitoka chumba cha mbele, kwenye karakana ya baba yake, na mtu aliyekulia katika nyumba ile asingeweza kuukosea: kisu cha kukunja, kile cha kubonyeza kitufe, bapa likiruka nje kwa nguvu ya springi. Baba alikuwa na desturi ya kukijaribu kila kisu mara tatu akishamaliza kukitengeneza. Lakini Baba alikuwa na wiki tatu kaburini, mlango wa karakana ulikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli hilo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari, hapo hapo jikoni, juu ya vichwa vyao.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia." Mama alisuuza kikombe akakiinamisha. "Leo amechelewa. Jana ilikuwa hata saa nane haijafika."

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza, au tuseme ndivyo binti alivyojua kwamba yameshaanza.

Baba yake alikuwa fundi wa visu, mikasi na kufuli. Mtaa mzima ulimwita Fundi, utadhani duniani hakuna fundi mwingine. Wapishi, vinyozi, wauza nyama, wote walipita dirishani kwake, na wote walitukanwa kwa upole. "Umekimenyea machungwa kisu hiki," angemwambia mtu, "ukakitia mfukoni na utamu wake, miezi sita hukukifuta, leo unaniuliza kwa nini kitufe kinakwama. Wewe ungekaa miezi sita ndani ya sharubati ungefunguka?" Mteja angecheka, na Fundi angetandika kitambaa cheupe mezani.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu wake. Skrubu zilitoka moja moja, zikapangwa kushoto. Zilifuata pande mbili za mpini, alizoziita mashavu. Kisha ile springi, ambayo imejizungusha kama dawa ya mbu na ambayo ukizubaa inaruka mpaka uvunguni. Kisha bapa, pini na kitufe. Kila kitu kilikaa kwa mpangilio wa kutoka kwake, kama watu kwenye foleni. Alivisugua kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, akavikausha, akatia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini. Moja tu. La pili, alisema, ni zawadi kwa vumbi. Halafu alivirudisha kuanzia kulia kwenda kushoto. Hapo kwenye springi ndipo alipohitaji mtu wa kumkandamizia kitambaa kwa juu ili isiruke, na mtu huyo kwa miaka thelathini alikuwa mke wake. Alimwita mkono wangu wa tatu. Kisha tak, tak, tak, na mara ya tatu alipokikunja kisu alikiambia, kama mtu anayemfunika mtoto shuka, "Haya, lala."

"Mimi hujawahi kunibembeleza hivyo," mke wake alikuwa akimtania.

"Wewe huna springi," angejibu. "Wewe ni bunduki kabisa."

Na alikuwa na mwiko mmoja. Kisu kilichofunguliwa kinafungwa siku hiyo hiyo. Umeme ukikatika, anamaliza kwa mshumaa. Akiugua, anamaliza huku anatetemeka. Kisu kilicho wazi, alifundishwa na fundi wake, ni nyumba isiyo na mlango. Nani hasa angeingia humo hakusema, na sisi binadamu tukishapewa mwiko huwa hatuulizi sana.

Binti yake wa pekee alimwita Bisibisi, kwa sababu tangu ana miaka sita ndiye aliyekuwa akimpa bisibisi kabla hajaiomba. Jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti. Alipokua, Bisibisi alihamia kutengeneza simu, katika kibanda chake mwenyewe mitaa minne kutoka nyumbani. Fundi hakumlaumu. Ila kigoda chake alikiacha pale pale kando ya meza, na kila mteja aliyetaka kukikalia aliambiwa kina mwenyewe.

Sasa, siku moja kabla ya kifo, alikuja mtu wa shati la mikono mirefu, vidole vinne vimefungwa bendeji, anachechemea. Akaweka dirishani kisu cha kubonyeza chenye mpini mweusi. Alisema kinafunguka chenyewe mfukoni. Fundi akamwambia arudi keshokutwa. "Sina haraka, Fundi," yule mtu alisema, akaondoka karibu anakimbia, hata jina hakuacha. Hapo Fundi alipaswa kushtuka. Katika maisha yake yote hakuwahi kupata mteja asiye na haraka.

Alikifungua siku ya pili, saa saba na nusu mchana. Saa nane kasoro akampigia binti yake.

"Bisibisi, una nafasi kidogo?"

"Kidogo sana, Baba. Nina foleni hapa."

"Nimefungua kisu cha yule mtu. Springi yake imekatika vipande viwili, na si leo, imeshika kutu pale ilipokatika. Lakini asubuhi nimekibonyeza mara tatu, na mara tatu kimefunguka kama kipya. Sasa niambie wewe fundi wa kisasa, kinasukumwa na nini?"

"Labda njaa," Bisibisi akasema, akacheka. Mteja alikuwa anamgongea kaunta. "Baba, nitakupigia. Kweli, nina watu."

"Basi, mwanangu, fanya kazi. Tutaongea jioni."

Baada ya hapo alimwita mke wake amletee chai. Mara ya kwanza mke wake hakuitika, alikuwa anakuna nazi na amechoka. Mara ya pili alisema, "Nakuja." Mara ya tatu alisema, na maneno hayo angeyakumbuka kila alipofumba macho, "Ngoja na wewe, kwani mimi nina mikono minne?" Alipoingia na kikombe, Fundi alikuwa ameinamia meza, shavu lake limelalia pembeni mwa kile kitambaa cheupe, na kisu kipo mbele yake kimefunguliwa chote, kila kipande mahali pake. Moyo, walisema hospitali.

Watu walipokuja msibani wakataka kupanga viti karakana, Mama alisimama mlangoni akanyoosha mikono. "Humu hamgusi kitu," alisema. "Vikae kama alivyoviacha." Nani angebishana na mjane? Wakafunga mlango. Katika nyumba ile ambamo mwiko ulikuwa mmoja tu, mwiko ukavunjwa kwa mapenzi.

Bisibisi alikuwa amefunga kibanda chake ili akae na mama yake mpaka arobaini ipite. Kabla ya siku ya mlio alikuwa ameona mambo madogo madogo akayapa majibu madogo madogo. Mama hali: ni huzuni. Bangili yake inateleza mpaka kwenye kiwiko: ni kwa sababu hali. Vidole vyake vina vitambaa: ni kisu cha vitunguu. Lakini mtu aliyekata vitunguu miaka hamsini hajikati vidole saba kwa wiki tatu. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na kilio kilikuwa kinakuja.

Kesho yake, ilipokaribia saa nane, Mama alichemsha chai. Akamimina kikombe kimoja, akatia sukari vijiko vitatu kama alivyopenda marehemu, akachukua ufunguo kwenye msumari. Akaingia karakana akarudishia mlango. Bisibisi akavua ndala, akasogea.

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza, na ilikuwa harufu ya baba yake, mafuta ya taa, mafuta ya cherehani, jasho la shati la kazini, naye akaivuta puani kwa hamu. Halafu chini ya harufu hiyo kukawa na nyingine, ya chuma kilicholowa, ya sarafu uliyoifumbata kiganjani muda mrefu.

Aliweka jicho kwenye ufa wa mlango.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha Fundi, kikombe kinafuka moshi mbele yake. Kitambaa kilikuwa mezani, na vipande vipo kwenye foleni yao, mashavu, springi iliyokatika, pini, kitufe. Bapa peke yake ndilo lililokuwa limesimama. Lilisimama kwa ncha, bila mpini, bila kitu cha kulishika, likageuka nusu duara polepole likapiga meza. Tak. Likainuka.

"Mke wangu," sauti ikasema. "Lete chai."

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa na kile kikohozi kifupi katikati, kile cha vumbi la chuma.

"Nimeleta," Mama akanong'ona. "Nimeleta mapema leo, baba watoto. Tazama, ya moto. Sikukawia. Sema umeiona."

Bapa lilitetemeka, likingoja. Na Mama, bila kushtuka, kama mtu anayetoa nauli, akafungua kitambaa cha kidole cha shahada, akakilaza kwenye makali, akakivuta. Tone likashuka kwenye chuma, na chuma kikalinywa; halikutiririka wala halikukauka, liliingia tu, kama maji kwenye mchanga.

"Lete chai," sauti ikasema, imeshiba kidogo, imekuwa karibu zaidi. "Mke wangu. Mkono wangu wa tatu. Lete chai."

Mama akalia kwa furaha. Bisibisi hakuwahi kuona kitu cha kutisha kama furaha ile. Alitaka kuusukuma mlango, mguu wake ulikuwa umeshanyanyuka, ndipo bapa likageuka pale lilipo, likaelekeza ubapa wake kwenye ufa, na ndani ya ule mwanga wa chuma akaliona jicho lake mwenyewe.

"Bisibisi," ikasema. "Una nafasi kidogo?"

Alikimbia mpaka uani, akaketi nyuma ya tangi la maji, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Aliogopa, ndiyo, kuliko alivyowahi kuogopa. Lakini tusimfichie: kabla ya kukimbia alikuwa ameshafungua mdomo ajibu.

Usiku ule hakulala, na kulipokucha alikuwa na swali moja. Milio ilikuwa mitatu, sawa na ya baba yake. Baada ya mlio wa tatu baba yake alikuwa akisema "Haya, lala," na hakuwahi kusahau hata siku moja, hata siku aliyong'olewa jino. Hiki kilichomo karakana mbona hakisemi?

Swali hilo alilipeleka kwa Nesi.

Nesi alikuwa nesi kweli, miaka thelathini wodini, na alipostaafu akageukia uganga, au uganga ulimgeukia yeye. Alisema wodini alishajifunza kwamba wagonjwa wengine hawaumwi, wanakaliwa. Alikuwa mnene, mwenye miwani, na alifika na mkoba uliokuwa na ubani upande mmoja na kipima joto upande wa pili.

"Amepimwa malaria?" lilikuwa neno lake la kwanza.

"Hana, Nesi."

"Damu?"

"Imepungua sana."

"Hilo nililijua kabla sijakaa," Nesi akasema. Alimshika Mama mkono, akafungua vitambaa kimoja kimoja. Hakupiga kelele. "Mama, kinakuambia nini?"

Mama aliangalia chini. "Kinaniita. Ananiita."

"Kimewahi kukuambia neno jipya? Neno ambalo mumeo hakulisema siku mbili zile kisu kilipokuwa humu?"

Mama akavuta vitambaa vyake, akaanza kuvifunga upya.

"Mumeo hayumo, mama yangu," Nesi akasema, na sauti yake ikalainika. "Yeye amepumzika. Kilichomo humo ni jini la kwenye ufa. Linakaa pale kitu kilipokatika, na lilikaa kwenye springi ile likilisukuma bapa kwa niaba yake, likila vidole vya mwenye kisu. Fundi akalifungulia nyumba, na nyumba haikufungwa tena. Liliyasikia maneno machache, linayarudia. Ni kasuku, lakini kasuku anayekula mwenye nyumba. Litasema kila neno alilosema Fundi, isipokuwa lile moja la kulifunga."

"Kwa hiyo tufanye nini?" Bisibisi akauliza.

"Ubani nitachoma ili na mimi nionekane nimefanya kazi. Lakini dawa ni kumaliza kazi ya baba yako. Springi mpya, tone la mafuta, kifungwe, kiambiwe kilale. Saa ile ile. Wewe ufunge, maana alikufundisha, na yeye mama akandamize kitambaa, maana ni mkono wake wa tatu na ndiye aliyelilisha." Akamgeukia Mama. "Na nisikudanganye. Kikifungwa, sauti hiyo hutaisikia tena."

"Sitaki," Mama akasema.

"Utakufa."

"Nimekuambia kwamba naogopa?"

Bisibisi alipiga magoti. Hakuwa amepanga, magoti yalijipiga yenyewe. "Mama," alisema, "mimi nimezika mmoja mwezi huu. Usinifanye nizike wa pili kwa ajili ya kikombe cha chai."

Mama alimtazama kama mtu aliyeamshwa. Kisha akainuka, akaenda kuchukua ufunguo.

Saa nane kasoro waliingia wote watatu. Nesi aliketi mlangoni na chetezo. Bisibisi alikaa kwenye kigoda chake, si kwenye kiti cha baba, akachagua springi kutoka kwenye kopo la maziwa ambamo Fundi alihifadhi springi za visu vilivyokufa. Zile nusu mbili zilizokatika alizisogeza pembeni kwa koleo. Akasugua kila kipande kwa mafuta ya taa, mikono yake ikikumbuka mambo ambayo kichwa kilishasahau, na bapa lilipofika zamu yake likalala kimya, baridi, kama kisu chochote cha mtu yeyote.

Aliweka pini kwenye shavu la chini, akatia tone moja. Akavika bapa, akazungusha springi kwenye pini, akaingiza ncha moja kwenye bapa na nyingine kwenye tundu la mpini. "Mama," alisema, na Mama akaweka kitambaa juu, akakandamiza kwa vidole vyake vyenye vidonda.

Hapo ndipo kilipoanza. Mara ya kwanza ilikuwa kikohozi tu, kutoka kila upande wa chumba, kutoka kwenye mikasi iliyotundikwa ukutani na kufuli zilizokuwa ndani ya ndoo, halafu mikasi yote ikaanza kujifungua na kujifunga pale kwenye misumari yake, na sauti ya Fundi ikaja chini ya kitambaa, chini ya mkono wa mke wake, ikiomba, mke wangu, lete chai, lete chai, mke wangu, ikigonganisha maneno yake machache kama mtu anayetafuta funguo gizani, keshokutwa, mke wangu, una nafasi, lete, mwanangu, mkono wangu wa tatu, na harufu ya chuma kilicholowa ikawa nzito kiasi kwamba Nesi aliinamisha kichwa akatapika kwenye mtandio wake, huku Bisibisi akilishusha shavu la pili, akikaza skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, machozi yanadondoka mezani na haoni anachokaza ila anakihisi, ya nne, ya tano, ya sita, akanyoosha mkono kwenye kitambaa cheupe kuchukua ya saba, na ya saba haikuwepo.

Tundu moja lilibaki wazi kwenye mpini. Kutoka humo kitu kilikuwa kinapumua.

"Skrubu," Bisibisi akasema. "Mama, zilikuwa saba. Baba hapotezi skrubu."

Mama hakuinua macho.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Nesi akasema kutoka mlangoni, akijifuta mdomo. "Fungua pindo, mama yangu."

Kwenye pindo la mtandio wa Mama kulikuwa na fundo dogo. Alilifunga siku ya msiba, kabla watu hawajafika. Alitaka tu kitu kimoja cha mwisho alichokigusa marehemu; hayo ya kwamba kisu hakitafungika bila hicho aliyajua baadaye, na alipoyajua akalikaza fundo. Sasa mkono wake mmoja ulikuwa juu ya kitambaa na mwingine ukalikamata lile fundo.

"Lete chai," sauti ikasema, taratibu, kwa upole mwingi.

"Nilileta," Mama akasema. "Kila siku nimeleta, na kila siku imepoa mezani." Alikuwa analia bila sauti. "Mume wangu angekuwa ameinywa. Hata kama ningekuwa nimemkasirisha vipi, angekuwa ameinywa."

Akafungua fundo kwa meno. Bisibisi akachukua skrubu, ikaingia, ikakaza, akailegeza robo mzunguko kama alivyofundishwa ili bapa lisibanwe. Akabonyeza kitufe. Tak, na lilikuwa tak la springi, jepesi, la kweli. Akakunja. Tak. Akakunja. Tak.

Alifungua mdomo aseme lile neno, akabaki amekishika kisu kikiwa wazi.

Mama ndiye aliyelisema. Alikitwaa kisu mkononi mwa binti yake, akakikunja kwa viganja viwili, akakiinamia kama alivyokuwa akiinama yeye.

"Haya," alisema. "Lala, baba watoto. Lala."

Mikasi ikatulia ukutani. Harufu zote zikaondoka, ile mbaya na ile nzuri, na karakana ikabaki na harufu ya chumba kilichofungwa siku nyingi. Ndipo Mama alipolia kilio cha msiba, kile alichokiweka akiba wiki tatu, mpaka majirani wakaacha ugomvi wao wa bomba wakaja kusimama nje.

Nesi alikifunga kisu kwa uzi mweusi akakitia mkobani. "Na ile springi ya zamani," alisema. "Nusu zote mbili. Nitazizika mbali mbali, zisikutane."

Bisibisi aligeukia meza, akachukua vipande viwili kwa koleo, akavitia kwenye karatasi, akaikunja, akampa.

Mama alipona. Haikuwa ghafla, lakini alipona. Alianza na uji, akaja kwenye wali, siku moja akamkaripia jirani kwa kumwaga maji machafu, na mtaa mzima ukashukuru Mungu. Chai alichemsha kikombe kimoja akanywa mwenyewe, amekaa kizingitini. Vidole vyake vilibaki na makovu, na aliyaangalia bila kuyaficha.

Bisibisi alifunga kibanda cha simu akafungua dirisha la karakana. Wateja walifurahi. Walisema anatukana kama baba yake. Kisu chochote alichokifungua alikifunga siku hiyo hiyo, mara tatu, na kukiambia kilale.

"Umejikata?" Mama alimuuliza juma moja, akimwona na plasta kidoleni.

"Kazi ya visu, Mama."

"Kuwa makini, mwanangu."

"Nitakuwa makini."

Siku hiyo, ilipofika saa nane, alishusha pazia la dirisha. Alitoa kopo la maziwa kwenye saraka, akachokoa chini ya springi za visu vilivyokufa, mpaka akaipata ile nusu moja yenye kutu kwenye ncha. Nesi alikuwa amezika nusu moja ya kweli na nusu moja ya kutoka koponi, na hakujua. Bisibisi aliiweka juu ya kitambaa cheupe. Alijua ni kasuku. Alijua ana maneno mangapi, alishayahesabu. Alijua pia kwamba siku ile Baba alipompigia simu foleni ya kibandani ilikuwa watu wawili tu, na mmoja alikuja kuuliza bei.

Kitu kikakohoa, kikohozi kifupi, cha vumbi la chuma.

"Bisibisi. Una nafasi kidogo?"

Alibandua plasta.

"Ninayo, Baba," alisema, akanyoosha kidole. "Leo ninayo."